Doa jeupe mdomoni: je, nisubiri likizo?

SWALI: Daktari, salaam. Ninafanya kazi ya ujenzi ughaibuni, na kwa kuwa zamu zetu ni ndefu, wenzangu walinizoesha kuweka ugoro ndani ya mdomo wa chini ili usingizi usinichukue. Hivi karibuni nimeona doa jeupe mahali hapo. Haliumi, wala halitoki nikilisugua. Bima ya mwajiri hailipii meno. Je, ninaweza kusubiri hadi likizo ya mwakani, nitibiwe nyumbani?

JIBU: Usisubiri, ndugu yangu. Kutouma kwa doa hilo hakupaswi kukutuliza, kwa sababu saratani ya kinywa nayo aghalabu huanza bila maumivu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka tumbaku isiyovutwa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na chokaa au magadi yanayochanganywa humo huharakisha nikotini kuingia mwilini huku yakiuchubua utando wa mdomo. Madoa mengi ya namna yako hayafikii kuwa saratani, lakini hakuna daktari awezaye kukuhakikishia hilo kwa macho tu. Huenda akakata kipande kidogo cha utando ili kipimwe kwa hadubini.

Kuhusu bima, ukifika mapokezi usiseme una tatizo la meno, kwa maana silo ulilo nalo. Eleza kwamba una doa kwenye utando wa kinywa, uonwe na daktari wa kawaida, naye akupe rufaa. Huenda bima isiyolipia kung'oa wala kuziba jino ikalipia uchunguzi huo.

Ugoro uache tangu leo. Kuuhamishia shavuni ni kuandaa mahali pa doa jingine, na kukimbilia sigara hakusaidii, kwani nikotini hubana mishipa ya damu, na fizi za mvutaji zinaweza kuoza ndani kwa ndani pasipo kutoa damu ya kumshtua. Siku za mwanzo, ambazo kwa kawaida ndizo ngumu zaidi, utasinzia kazini na kukereka ovyo, kwa hiyo muulize daktari kuhusu bazoka au plasta za nikotini, hasa ukiwa mtu wa kupanda jukwaa la ujenzi. Madoa mengi ya ugoro hupungua au kutoweka ndani ya wiki kadhaa baada ya kuuacha, ila hilo lisikufanye uahirishe kipimo.

Ukiona sehemu nyekundu, ugumu, ganzi ya mdomo, uvimbe shingoni au kidonda kisichopona kwa wiki mbili, omba ruhusa uende siku hiyo hiyo. Kama hujaimudu lugha ya huko, mwombe mwenzako anayeijua akuandikie kwenye karatasi umeutumia ugoro tangu lini, mara ngapi kwa siku, na upande gani.