Panya mwenye mimba, mbona sukari iko chini?

SWALI: Nawapima sukari panya weupe wa maabara wenye mimba ya siku 20. Nikiwalaza njaa, asubuhi sukari yao huwa chini kuliko ya majike wasio na mimba. Si tunafundishwa kwamba mimba huleta ukinzani wa insulini? Au mashine ni mbovu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mashine ni nzima, kosa ni kuwalaza njaa.

Panya hubeba mimba siku 21 hadi 23. Wiki mbili za kwanza anakula sana na kuweka akiba ya mafuta. Wiki ya mwisho mambo hugeuka: homoni, zikiwemo za kondo la nyuma, huifanya misuli ya mama isiitikie insulini vizuri, sukari ikabaki kwa vijusi. Ukinzani huo utauona ukimnywesha glukosi. Akiwa na njaa huuoni, kwa sababu vijusi havingoji: vinavuta sukari usiku kucha, naye mama anachoma mafuta yake na ini linamwaga ketoni, yaani nishati inayotokana na mafuta hayo. Pima ketoni sampuli ileile utaziona.

Tena panya ni mlaji wa usiku. Ukiondoa chakula saa 11 jioni, hadi saa 3 asubuhi ni saa 16, na mchana wake alikuwa amelala.

Ondoa chakula saa 1 asubuhi, acha maji, badilisha matandiko (makombo hujificha humo), kisha pima saa 7 mchana. Futa tone la kwanza la damu ya mkiani. Wasio na mimba wafuate saa zilezile.

Kwenye kipimo cha glukosi, gramu 2 kwa kilo, angalia uzito. Jike wa gramu 250 akifika 350 kwa mimba, dozi inapanda kutoka miligramu 500 hadi 700, na sehemu ya uzito huo ni watoto na maji yao. Andika uzito wote wawili, na uamue utakaotumia kabla hujaanza. Mpe kwa mdomo. Sindano ya tumboni siku ya 20 ni rahisi kutoboa mfuko wa uzazi.

Hesabu ya siku nayo: asubuhi ya kuona mbegu za dume, wengine huiita siku 0, wengine siku 1. Vijusi hukua kwa kasi mno mwishoni, kwa hiyo ukichanganya hesabu hizo majibu yatapishana.

Simbilisi mnene mwenye mimba kubwa usimnyime chakula kabisa. Ketoni humlemea, ini likajaa mafuta, na anaweza kufa ndani ya siku chache.