Helmeti ya mjengo ni gharama ya mwajiri

Je, mwajiri anaweza kukukata pesa ya helmeti kwenye malipo yako ya mjengo? Hapana, usikubali. Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwekea mwajiri jukumu la kutoa vifaa vya kujikinga, na Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani (1988), unaohusu ujenzi hasa, unasema waziwazi kwamba mwajiri atoe na kuvitunza bila mfanyakazi kugharamia. Kibarua wa kulipwa jioni naye ana kichwa, asiambiwe aje na helmeti yake.

Ila ukishapewa, sheria hiyohiyo inakutaka uvae. Ukiivua kwa sababu ya jua, hapo umekosea wewe.

Na kabla ya kuivaa, igeuze uangalie chini ya ukingo: nyingi zimepigwa muhuri wa mwaka na mwezi zilipotengenezwa. Plastiki huchoka kwa jua hata kama rangi bado inang'aa. Iliyowahi kuangukiwa na tofali haifai tena, hata usipoona ufa. Nimekuwa mtu wa mkono, yaani msaidizi wa fundi, kabla ya kushika mwiko, na nimeona watu wakirithishana helmeti moja mpaka mikanda ya ndani imekatika. Bila ile mikanda, pigo linaingia moja kwa moja kwenye fuvu.

Lakini helmeti haimzuii mtu kuanguka. Kama mko ghorofa ya tatu na jukwaa halina reli za pembeni, daini hizo reli kwanza.