Difu inayolia, na mambo ya kujua kabla hujaishusha

Difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi la kushoto na la kulia: ya kwanza niliyoifungua kwa sababu ya mlio haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa ya Subaru Impreza WRX, mwenyewe kalalamika kwamba gari likifika kilomita 80 kwa saa, nyuma kunavuma kama mashine ya kusaga mahindi iliyoko mtaa wa pili. Mimi kijana, mikono inawasha. Nikaishusha difu, nikang'oa beringi zote, nikafunga mpya pamoja na sili mpya, siku mbili zikaisha. Tukaingia barabara ya Bagamoyo kujaribu. Kilomita 80, mashine ya kusaga ileile. Kumbe ilikuwa beringi ya tairi la nyuma kushoto. Hela ya ufundi nilimrudishia, lakini beringi zikishafungwa duka halizipokei tena, na yule bwana hakurudi kwangu hata kumwaga oili.

Kwa hiyo wadogo zangu mnaoanza kupokea magari ya mbio, STI, Skyline, Chaser na wenzao, kazi ya difu inaanzia masikioni. Spana baadaye.

Toka na gari asubuhi kabla ya foleni, tafuta lami iliyonyooka. Zima redio, zima kiyoyozi, mwachie mwenye gari usukani, wewe kaa kiti cha nyuma. Mwambie apandishe mpaka 100, kisha akanyage, aachie, akanyage, aachie. Mlio unaokuja akikanyaga na kukatika akiachia, au kinyume chake, unatoka kwenye meno ya krauni (gia kubwa ya duara ndani ya difu) na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Huo unaimba, kama filimbi, na una mwendo unaoupenda: unaanza 70, unafika 90 unapotea. Beringi haiimbi, inanguruma, tena haijali sana kama mguu uko kwenye mafuta au la, inapanda na mwendo tu. Beringi za pinioni zinazunguka zaidi ya mara tatu kila krauni ikizunguka mara moja, ndiyo maana ngurumo yake ni nyembamba na ya haraka, na ile ya beringi za pembeni, zinazoshika krauni kushoto na kulia, ni nzito. Sasa mwambie ayumbishe gari taratibu kushoto na kulia. Mlio ukibadilika hapo, achana na difu, nenda kwenye beringi za tairi. Impreza za miaka ile zina sifa mbaya upande huo, na mimi niliilipia sifa hiyo kwa hela yangu. Mlio ukibadilika lami inapobadilika, basi ni matairi.

Na kwenye Subaru matairi usiyapite haraka. Mzunguko wa tairi moja na jingine usitofautiane kwa zaidi ya milimita 6.4. Mtu akifunga mbili mpya mbele na nyuma akaacha vipara, anazifanyisha kazi difu na giaboksi muda wote, hata anapokwenda moja kwa moja.

Kuna mlio mwingine ambao kauleta mwenye gari mwenyewe. Nilipokea Subaru STI moja ya bluu, giaboksi ya gia sita, kijana anasema difu imeanza kulia wiki iliyopita. Nikamuuliza wiki iliyopita ulifanya nini? Akacheka. Alikuwa ametoa bushi za mpira zinazoshika difu, akaweka za plastiki ngumu za mashindano. Mpira ndio unaomeza sauti ya meno. Ukiuondoa, ule mlio mdogo ambao kila difu inao tangu kiwandani unapanda kwenye bodi na kuingia ndani. Nusu ya malalamiko ya "difu imekufa" kwenye magari yaliyochezewa ni bushi tu. Na kama difu ina klachi ndani, zile za kuzuia tairi moja kuteleza peke yake, ikigongagonga unapokata kona finyu kuegesha, jaribu kwanza kubadilisha oili uweke iliyoandikwa kwamba inafaa difu za LSD, yaani hizo za klachi. Usimfungulie mtu difu kwa tatizo la oili.

Ya yule kijana wa bluu, hata hivyo, ilikuwa na ngurumo chini ya ule mlio wa bushi. Tuliinyanyua gari, nikaweka bisibisi ndefu kwenye nyumba ya difu, mpini sikioni, msaidizi akazungusha matairi kwa gia. Upande wa pinioni ulikuwa unasaga mchanga. (Gari la kuvuta matairi manne linyanyuliwe lote juu ya stendi nne. Usijaribu kuweka gia tairi mbili zikiwa chini.)

Tukafungua nati ya kumwagia oili. Nati hiyo ina sumaku, na hapo ndipo difu inapokupa maelezo yake. Uji mweusi laini kama wanja ni kawaida, hata kwenye difu nzima. Tulichokuta ni vipande bapa vinavyong'aa, kama magamba ya dagaa. Hayo ni magamba ya njia ya beringi. Vingekuwa vipande vyenye kona, vinene, ningemwambia palepale kwamba ni meno, na maongezi ya bei yangekuwa mengine.

Hapa ndipo vijana wengi wanapoharibu. Difu iko mezani, mfuniko umetoka, krauni unaiona inang'aa, na mkono unataka kufungua. Ngoja. Pima kwanza kila kitu kikiwa bado mahali pake: pleyi ya krauni (ule mchezo mdogo kati ya meno yake na ya pinioni) kwa dayo geji (saa ya kupimia), alama ya meno kwa rangi, ugumu wa kuzungusha pinioni. Andika. Hivyo vipimo ndivyo ramani ya kurudi nyumbani. Piga alama kwa senta panchi flenji (sahani inayofungwa shafti) na pinioni, na vifuniko vya pembeni, cha kushoto kibaki cha kushoto na shimu zake (washa nyembamba za kurekebisha nafasi). Mimi naziingiza shimu za kila upande kwenye mfuko wake na kuandika kwa kalamu ya wino mzito, maana shimu ya 0.20 na ya 0.25 ukiziona mezani ni mapacha.

Krauni na pinioni ni ndoa. Zimesagwa pamoja kiwandani mpaka zikazoeana, na namba za pea huandikwa juu yake. Ukichukua krauni ya difu hii na pinioni ya ile, hata kama meno yanalingana idadi, italia mpaka siku ya mwisho. Na kama meno yenyewe yameshakwaruzika, beringi mpya hazitayanyamazisha. Mwambie mteja mapema.

Beringi ya nyuma ya pinioni inatolewa kwa presi na vibao vya kukamata, si kwa patasi. Chini yake kuna shimu inayoamua pinioni imeingia ndani kiasi gani. Ipime kwa mikromita sehemu nne. Na hapa nitawapa siri iliyoniokolea beringi nyingi. Chukua beringi ya zamani ya aina ileile, ile nzima nzima hivi, itanue tundu lake la ndani kidogo kidogo kwa msasa wa grainda mpaka iingie kwenye pinioni kwa kusukuma na dole gumba. Hiyo ndiyo beringi yako ya kupimia. Unaweza kubadilisha shimu mara kumi bila presi, na ile mpya inaingia mara moja tu, mwishoni. Kila beringi mpya unayoing'oa kwa presi unaiachia kovu. Ukiwa tayari kuifunga, ichovye kwenye oili iliyopashwa moto karibu nyuzi 100 na itashuka yenyewe hadi mwisho. Nyundo iache kwenye boksi. Na wanaozungusha beringi kwa upepo wa kompresa ili isikike inalia, siku ikipasuka ndiyo watajua.

Nunua beringi kwa namba iliyochongwa kwenye ile ya zamani, na nunua kwa mtu unayemjua. Feki zimejaa, boksi zuri kuliko la halali. Angalia maandishi kwenye chuma: ya halali yamechorwa safi na yamelingana, ya feki yana kingo zilizolegea.

Sasa mkazo wa beringi za pinioni, yaani ule ugumu wa kuizungusha. Difu nyingi za Toyota na BMW zina kola ya kusinyaa: unakaza nati, kola inabonyea, mkazo unapatikana. Ukipitiliza, huwezi kurudi nyuma kwa kulegeza nati. Unatoa kola, unaweka mpya. Subaru wao hutumia kola ngumu na washa za kuchagua unene, kwa hiyo nati unaikaza kamili kwa toki renchi (spana ya kukaza kwa kipimo) na mkazo unaurekebisha kwa washa. Vyovyote iwavyo, pima sili ikiwa haijafungwa, kwa sababu sili inaongeza uzito wake kwenye kipimo. Kama huna toki renchi ndogo, mizani ya kuvuta ya wauza samaki inatosha. Funga waya kwenye tundu la flenji, vuta taratibu, soma mizani flenji ikiwa inazunguka, si pale inapoanza kushtuka. Tundu likiwa sentimita 4 kutoka katikati na mizani ikasoma kilo 3, hiyo ni kama nyutoni-mita 1.2. Linganisha na kitabu cha gari lenyewe. Wapo wanaopima kwa mkono na kusema "iko poa". Mkono wangu una miaka mingi kwenye kazi hii na bado hauwezi.

Sasa rangi. Tumia rangi nzito ya njano ya mafuta, ile ya wachoraji inayouzwa kwenye tyubu. Ya ukutani inatiririka. Paka meno kama manane ya krauni, safu nyembamba. Mmoja aizungushe pinioni, mwingine aizuie krauni kwa kipande cha mbao, maana bila mzigo alama inadanganya. Zungusha mbele na nyuma, kisha tazama. Alama nzuri inakaa katikati ya urefu wa jino au inasogea kidogo kuelekea ncha ya ndani. Ikiwa imepanda juu kabisa kwenye ukingo wa jino, pinioni iko mbali: ongeza shimu. Ikiwa imezama chini kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno: punguza shimu. Ikiwa imekimbilia ncha ya nje, krauni iko mbali na pinioni; ikibanana ncha ya ndani, imesogea mno. Rekebisha kina cha pinioni kwanza, pleyi ya krauni baadaye, kisha rudia, kwa sababu ukigusa moja nyingine inahama kidogo.

Pleyi ya difu za namna hii huwa kati ya milimita 0.10 na 0.20. Pima sehemu nne za mzunguko. Kwenye ile STI nilipata 0.12, 0.13, 0.19, 0.18. Wastani mzuri, lakini tofauti ile ilinikera. Nikafungua bolti za krauni, nikakuta kichuma chembamba kama unywele kimebanwa chini yake, pengine kilitoka kwenye tundu la bolti nilipokuwa nasafisha. Nikakipangusa kwa kucha. Nikakaza bolti kwa kupishana, gundi ya kuzuia bolti isilegee kwenye kila moja, nikapima tena: sehemu zote nne zikalingana. Kama ningepima sehemu moja tu ningeifunga, na ingeimba kila mzunguko.

Kuna siku jibu sahihi si kuunda bali kutafuta difu nzima iliyotumika kutoka Japani. Meno yakiwa yameliwa, mara nyingi ndiyo nafuu. Lakini hesabu meno kabla hujalipa. STI nyingi za gia sita zina uwiano wa 3.900 mbele na 3.545 nyuma, huu wa nyuma ukiwa meno 39 ya krauni kwa 11 ya pinioni, na tofauti hiyo inazibwa na gia yenye uwiano wa 1.1 ndani ya giaboksi. Nyingine zina 3.900 huku na huku. Ukikosea, mbele na nyuma vinavutana kila mita unayokwenda, na kinachokufa ni difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ambayo bei yake sitaki kuiandika hapa.

Weka oili ya GL-5, 75W-90, karibu lita moja kwa difu hii, mpaka ichungulie tundu la kujazia. Safisha na kile kipumulio cha juu. Kikiziba, sili yako mpya itavuja ndani ya mwezi. Safari ya kwanza iwe fupi, dakika ishirini, kisha iache ipoe kabisa. Baada ya kama kilomita 800, mwaga oili tena uisome sumaku.

Kijana wa bluu alirudi na hizo 800. Sumaku ilikuwa na wanja tu. Ngurumo imekwisha, filimbi ya bushi ipo palepale, na akasema ameizoea, anaipenda. Ile beringi ya kupimia utaikuta gereji imening'inia kwenye msumari juu ya presi. Anayeiazima aandike jina kwenye daftari, kwa sababu ya kwanza iliondoka na fundi mwenzangu na mpaka leo anasema anaileta kesho.