Kwa nini nachelewa nikikaa stendi ya mwisho ya chelo kwenye okestra?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Kisumu na nimekuwa nikipiga chelo (ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa) kanisani tangu nimalize sekondari. Juzi okestra moja ya Nairobi ilinikaribisha kwenye mazoezi. Tulikuwa chelo nane, nami nikawekwa stendi ya mwisho, yaani kibao cha nota cha nyuma kabisa, ambacho hutumiwa na wapigaji wawili. Tulipomaliza, kiongozi wa chelo akaniambia, "Unasikika, na unachelewa." Nimerudi nyumbani nikajipima na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mipigo, sichelewi hata kidogo. Mwezi ujao wananiita kwa usaili, na kipande kimojawapo ni mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfoni ya Tano ya Beethoven. Shida yangu iko wapi, mkononi au masikioni?

Jibu: Marahaba. Shida iko machoni. Masikio yako ni mazuri, na unayategemea mno. Hilo ndilo linalokuponza.

Metronomu ya nyumbani iko karibu na goti lako. Kwenye okestra, fidla za kwanza hukaa upande wa pili wa jukwaa, pengine mita 10 kutoka stendi ya mwisho ya chelo. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo huvuka mita hizo kwa takriban sekunde 0.03. Utasema ni kidogo. Lakini muziki ukienda mbio, mipigo 150 kwa dakika na nota nne katika kila mpigo, nota moja hudumu sekunde 0.1 tu. Karibu thuluthi yake imeshapita kabla hujagusa uzi. Na bado hujahesabu uzi wenyewe: ule wa C, wenye sauti nzito kabisa, ni mnene na huchelewa kuitika kuliko wa A, ulio mwembamba. Ukisubiri kusikia ndipo upige, unachelewa mara mbili.

Waliozoea kazi hii hutazama upinde wa stendi ya kwanza. Kabla ya nota, kiongozi huvuta pumzi na kiwiko chake cha kulia huanza kusogea. Wakati huo upinde wako uwe umeshalala juu ya uzi, usiwe bado unaelea hewani. Mwongozaji mtazame kwa pembe ya jicho: fimbo yake inakupa kasi, lakini nota inaanzia kwenye upinde wa kiongozi. Ukiwa nyuma kabisa na ukahisi kana kwamba umetangulia kidogo, huenda ndipo uko sawa.

Kuna zoezi la kukusaidia. Mwombe mwenzako yeyote anayepiga fidla au chelo akae mbele yako, apitishe upinde juu ya nyuzi bila kuzigusa. Wewe ziba masikio kwa pamba, umkazie macho, upige naye ukurasa mzima. Abadilishe kasi bila kukuonya, asimame ghafla, aanze tena. Mwanzoni utatoka jasho. Ukianza kujua nota inakuja kwa kuona bega lake tu, umefika.

Sasa lile la kusikika. Kanisani unashindana na ngoma na spika ya kinanda, kwa hiyo mkono wako wa kulia umezoea kukandamiza, na kwa kazi ile uko sahihi. Tena sisi wa magharibi mwa Kenya tumekulia kwenye orutu, ala ya jadi ya kupigwa kwa upinde, ambapo mpigaji mmoja mwenye uzi mmoja anabeba wimbo mzima na ngoma zinamfuata yeye. Kwenye kundi la chelo hakuna anayefuatwa isipokuwa kiongozi. Kipimo ninachowapa wanafunzi ni rahisi: ukijisikia kuliko unavyomsikia mwenzako wa stendi, punguza.

Unapunguzaje? Wengi hulegeza shinikizo tu, sauti ikawa dhaifu na yenye mikwaruzo. Angalia kwanza kiongozi anatumia sehemu gani ya upinde. Akipiga karibu na ncha nawe uko karibu na mkono, sauti yako itatokeza hata ukigusa uzi kwa wepesi namna gani. Fuata sehemu ileile, urefu uleule, na uvute anapovuta, usukume anaposukuma. Kisha punguza upana wa vibrato, ule mtikisiko wa kidole juu ya uzi, hasa penye sauti ndogo. Nakuhakikishia, nusu ya lawama itakuwa imeisha.

Usaili nao ni kinyume cha haya yote, maana unakaa peke yako. Okestra nyingi za Marekani, na baadhi za Ulaya, husaili duru ya kwanza nyuma ya pazia. Wasaili hawaoni uso wala mavazi, wanasikia tu. Mwanzo ule wa Beethoven hupigwa na chelo pamoja na viola (fidla kubwa kidogo kuliko ya kawaida), tuni moja, besi zikidonoa nyuzi kwa chini. Ameandika ♪ = 92, yaani nota 92 za aina hiyo kwa dakika, sauti ndogo, tamu. Wasaili wanasikiliza nota zenye nukta: ile fupi inayofuata ikivimba kidogo, wanajua huna mdundo ndani yako. Gawanya kila mpigo vipande vinne kichwani huku ukipiga. Ufunguo ni A-flati, kwa hiyo nyuzi za D na A zikiwa wazi, yaani bila kidole, hazimo, na C na G ni afadhali uzikwepe kwa kidole, kwa kuwa uzi mtupu hauna vibrato na utajitokeza kuliko nota nyingine. Jiandae pia na pale tuni inaporudi ikiwa imejazwa nota, halafu nota mara mbili ya hizo. Mara nyingi huombwa vyote vitatu.

Mambo madogo yanayowatambulisha wageni: njoo na penseli. Ukikaa upande wa ndani wa stendi, ulio mbali na hadhira, kufungua ukurasa ni kazi yako, hata ikibidi uache kupiga. Nota zikigawanyika, wa nje anachukua za juu. Na tafadhali, unapopasha mikono, usipige solo ya kiongozi. Hakuna atakayekukaripia, ila wote watakumbuka.

La mwisho ni safari. Usikubali chelo iingie buti ya basi. Gundi yake ni ya ngozi za wanyama na hulegea kwa joto. Lipia kiti cha pili, uifunge mkanda. Ukitoka penye unyevu hadi penye hewa kavu, vigingi vya kukazia nyuzi hunywea na kuteleza. Fika mapema, visukume ndani huku ukizungusha, iache ipumzike, kisha uitune upya kabla hujaitwa.