Jicho linacheza, uso unajikunja: majibu kwa wasomaji

Kope langu la chini limecheza kwa karibu wiki mbili. Nyumbani wanasema nitalia. Ni kweli? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

Usijiandae kwa msiba. Kope likicheza hivyo, mara nyingi chanzo ni uchovu, kukosa usingizi, kahawa au chai nyingi, na mawazo. Hukoma lenyewe baada ya siku au wiki chache. Lala mapema, punguza kahawa. Likiendelea kwa wiki kadhaa zaidi, au jicho likiwa jekundu au likifumba kabisa, nenda kliniki ya macho.

Mwanangu wa Gredi ya 4 hupepesa macho, hukunja pua na kuvuta mdomo. Mwalimu anadhani anamdhihaki. Nimemchapa, lakini anazidi. (Mama, Kakamega)

Mama, weka fimbo chini leo. Mtoto hafanyi makusudi. Husikia msukumo ndani ya mwili, kama chafya inayokuja, na hapati nafuu mpaka atende. Anaweza kujizuia kwa muda, ndiyo maana watu humwona ametulia wakasema anajifanya, lakini kujizuia huko kunamchosha sana.

Hali hii, ambayo madaktari huiita “tic”, huanza sana kati ya miaka 4 na 7, huwapata wavulana zaidi, na kwa wengi huwa kali wakiwa na miaka 10 hadi 12, kisha hupungua. Hurithiwa katika familia. Msongo wa mawazo kwa kawaida si chanzo chake, ila huiongeza: hofu ya mtihani, uchovu, hata furaha ya safari. Sasa fikiria kiboko kinaongeza nini.

Nenda shuleni uzungumze na mwalimu ana kwa ana. Mwombe asimtaje mbele ya wenzake, na amruhusu kutoka nje kidogo akilemewa. Nyumbani msimkumbushe kila mara. Hospitalini kuna mafunzo ya kumsaidia autambue msukumo mapema na kufanya tendo jingine badala yake. Akianza pia kutoa sauti, kama kuguna au kukohoakohoa, na hali ikapita mwaka mmoja, huenda ni hali iitwayo Tourette, iliyopewa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1885. Wengi wenye Tourette hawatukani ovyo kama inavyosemwa.

Naendesha bodaboda Nakuru. Upande mmoja wa uso unavutwa, kuanzia jichoni hadi mdomoni, hata usingizini. Ni mawazo ya mkopo? (Msomaji, Nakuru)

Mawazo huzidisha, lakini maelezo yako yananifanya nishuku mshipa wa damu unaogusa mshipa wa fahamu wa uso. Muone daktari wa mishipa ya fahamu. Kuna sindano za botulinum zinazolegeza misuli, hurudiwa kila baada ya miezi 3 hivi, na wengine hufanyiwa upasuaji. Tafadhali usibebe abiria jicho likiwa linajifunga. Na uso ukilegea ghafla, mdomo ukaenda upande au mkono ukakosa nguvu, kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Huenda ni kiharusi.

Nilimeza dawa ya kuzuia kutapika, taya na shingo vikakaza. Yahusiana? (Msomaji, Bungoma)

Yaweza. Metoklopramaidi, mojawapo ya dawa za kuzuia kutapika, hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, na hata baadhi ya dawa za magonjwa ya akili. Ikitokea tena, rudi hospitali siku hiyohiyo ukiwa na pakiti ya dawa, kwani ipo sindano ya kuituliza haraka. Anayetumia dawa za akili asiziache bila kumwona daktari wake.