Maswali na majibu: afya ya mbwa wa mbegu kubwa

Shikamoo daktari. German Shepherd wangu ana miezi saba. Akiamka huchechemea, na akikimbia miguu ya nyuma huruka pamoja kama ya sungura. Jirani amenishauri nimpe dawa ya maumivu tunayotumia sisi wenyewe. Je, inafaa?

Marahaba. Nakuomba usimpe. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo, hata kwa kiasi ambacho kwa mtu mzima ni kidogo. Dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye hitilafu ya nyonga, yaani kichwa cha mfupa wa paja hakikai barabara ndani ya kikombe chake, gegedu inasagika, na baadaye baridi yabisi inaingia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo apigwe eksirei na aandikiwe dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa.

Hitilafu hii hurithiwa, kwa hiyo anayenunua mtoto wa mbwa ana haki ya kuuliza hali ya nyonga za baba na mama. Hata hivyo, urithi si kila kitu. Huko Marekani, watafiti waliwafuatilia Labrador 48 maisha yao yote, wakiwa wamepangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, na katika kila jozi mmoja alilishwa asilimia 25 pungufu ya mwenzake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa waliokula pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maradhi ya viungo yaliwajia wakiwa wamechelewa sana. Kwa hiyo mbwa wako asinenepeshwe: ukimpapasa ubavuni, mbavu zihisike bila kubonyeza kwa nguvu.

Nina Boerboel wa miezi mitatu. Nimpe unga wa kalsiamu ili mifupa ikomae haraka?

Inategemea anakula nini, lakini haraka si jambo la kumtakia. Mtoto wa mbegu kubwa aliye chini ya miezi sita hawezi kuizuia vizuri kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na ziada hiyo huivuruga mifupa inayokua. Ikiwa anakula chakula cha dukani kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbegu kubwa, usiongeze chochote. Ikiwa anakula ugali na nyama tupu, tatizo ni kinyume chake: kalsiamu ni pungufu, mwili unaivuta kutoka kwenye mifupa, na miguu inaweza kupinda au kuvunjika kwa kuruka kidogo tu. Huyo apangiwe mlo na daktari, kwa kipimo. Kijiko cha kukisia hakifai.

Great Dane wa ndugu yangu alikufa usiku mmoja, tumbo likiwa limevimba kama ngoma. Tulidhani amelishwa sumu. Ninaye dada yake. Nifanye nini?

Pole sana. Siwezi kuthibitisha bila uchunguzi, ila maelezo yako yanafanana na tumbo kujaa gesi na kujipinda, maradhi yanayowaua mbwa wenye vifua virefu ndani ya saa chache. Mbwa huhangaika, mate humtiririka, hujikakamua kutapika bila kutoa kitu, na tumbo hukaza. Ukiona mbwa mkubwa anajikakamua hivyo, usingoje kupambazuke na usimnyweshe mafuta wala maziwa, kwa sababu likishajipinda halifunguki kwa kunywesha. Anahitaji kutolewa gesi na kupasuliwa mara moja. Tafuta leo, kabla ya dharura, daktari anayefanya upasuaji usiku, na uiweke namba yake mahali ambapo hata mlinzi ataiona.

Kwa kuwa ni ndugu wa damu, hatari yake ni kubwa kuliko ya mbwa wa kawaida. Gawa mlo wake mara mbili au tatu kwa siku badala ya sinia moja la jioni, na umzuie asile kwa pupa. Bakuli lisiwekwe juu ya kiti, ingawa wengi wamefundishwa hivyo: utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wa mwaka 2000 ulikuta mbwa wanaokula kwenye bakuli lililoinuliwa wanapatwa zaidi na maradhi haya. Muulize pia daktari kuhusu kulishona tumbo kwenye ukuta wa mwili ili lisijipinde, kwani hufanyika kwa urahisi wakati mbwa jike anapofungwa kizazi.

Rottweiler wangu analala kwenye sakafu ya saruji, na kiwiko kimevimba maji, bila maumivu.

Usikitoboe, utaingiza vijidudu. Mtandikie godoro nene au magunia yaliyojazwa nyasi kavu. Uvimbe ukiwa mdogo, mara nyingi hupungua wenyewe.

Wangu ana miaka minane, anachechemea mguu wa mbele, na kuna uvimbe mgumu juu kidogo ya kifundo. Nao ni wa kulalia saruji?

Sidhani. Uvimbe mgumu wa mfupa mahali hapo, kwa mbwa mkubwa mwenye umri huo, hutufanya tuwaze saratani ya mfupa kwanza. Usiukande wala kuuchua, kwa kuwa mfupa ulioliwa ndani huvunjika upesi. Apigwe eksirei ya mguu na ya kifua wiki hii.