Spishi mpya ya bakteria: hutambuliwa au huainishwa?

Swali: Mwanafunzi wa biolojia wa Bukavu, ambaye amesoma sayansi kwa Kifaransa na sasa anaandika muhtasari wa kazi yake kwa Kiswahili, anauliza kama kichwa hiki ni sahihi: "Kutambua na kuainisha spishi mpya ya bakteria kutoka pangoni". Anauliza pia kama aandike "bakteria ametambuliwa" au "imetambuliwa".

Jibu: Suala la upatanisho ni jepesi. Bakteria ni kiumbe hai, nasi husema "bakteria huyu ameonekana", "bakteria hawa wameonekana". Lakini spishi ni kundi, kwa hiyo "spishi hii imeelezwa". Na usiweke "aina" mahali pa "spishi", kwa sababu hata maharagwe ya soko la Kadutu yana aina.

Uzito uko kwenye kitenzi "kutambua". Humtambui mtu ambaye hujapata kumjua, na maabara nayo hufuata mantiki hiyo hiyo: mtafiti husoma jeni ya bakteria wake iitwayo 16S rRNA, ambayo kila bakteria anayo, akailinganisha na za spishi ambazo tayari zina majina, na mfanano ukiwa chini ya takriban asilimia 98.7 huwa amepata dalili nzito kwamba hakuna jina lililopo linalomfaa. Hapo utambuzi umegonga mwamba, na ndipo uainishaji unapoanza, yaani kumpangia bakteria huyo jenasi (kundi la spishi za karibu) na familia (kundi la jenasi) kwa kupima jenomu yake yote, yaani DNA yake nzima, kemia ya ukuta wa seli na chakula anachotumia. Baada ya hapo spishi huelezwa na kupewa jina, na sampuli zake hai huwekwa katika hifadhi mbili za bakteria za nchi mbili tofauti.

Beutenbergia cavernae, aliyetolewa katika pango moja nchini China na kuelezwa mwaka 1999, alihitaji hata jenasi mpya. Jina kama hilo liandikwe kwa herufi za mlazo, jenasi ikianza kwa herufi kubwa na neno la pili kwa ndogo, bila kulitafsiri, ingawa cavernae ni Kilatini cha "ya pango".

Kichwa chako, basi, ningekiandika hivi: "Uainishaji na maelezo ya spishi mpya ya bakteria iliyopatikana pangoni". "Kutambua" kitumie katika sehemu ya mbinu, unapoeleza ulinganisho uliofanya kabla hujajua kwamba spishi hiyo ni mpya.